Gitaa Halitubu

Shemasi wetu na kijana anayeipigia kwaya gitaa hawaelewani tangu wakulima walipolipwa bonasi ya chai, na kila mmoja anaamini mwenzake amepotoka. Mimi niliyepewa kazi ya kuwarekodi naona wana imani moja. Mmoja anaiogopa, mwingine anaipenda, basi.

Kwaya ilichanga pesa za kurekodi nyimbo nane hapa kwangu Kangari, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mbolea, ambacho kuta zake nimezifunika blanketi nzito na trei za mayai. Kuhusu sauti za watu hapakuwa na ubishi. Ubishi uliingia kwenye gitaa. Kanisa lina Yamaha F310, jipya, aina ile ile utakayoikuta katika makanisa mengi ya huku milimani. Halafu mjukuu wa mzee mmoja marehemu akaleta gitaa la guka yake, limevikwa gunia la sukari, akasema familia inalitoa kwa kazi ya Mungu. Ni kuukuu haswa. Rangi imekwisha pale mkono ulipokuwa ukiegemea, na chini ya tundu kucha zimekwangua mbao hadi pakaingia bonde, ukipitisha kidole unalihisi. Jina la kiwanda halisomeki tena. Linalosomeka, kwa kila mtu wa rika fulani hapa, ni historia yake. Guka huyo alilipiga kwenye baa, kuanzia Kaharati mpaka Thika, wikendi baada ya wikendi, enzi ambazo mwezi wa bonasi ulikuwa mwezi wa vilio katika nyumba nyingi.

Kijana alilishika akakataa kuliachia. "Hili lina roho, fundi. Ya siku hizi hayana."

Shemasi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Kweli lina roho," akasema. "Ndiyo maana haliingii madhabahuni."

Msikilize mmoja halafu mwingine. Wote wanaamini kwamba yaliyopigwa juu ya ubao hubaki ndani ya ubao, kwamba usiku wa Thika wa miaka hiyo yote uliingia kwenye nyuzinyuzi za mti na bado umo, unangoja kutoka. Kijana anataka utoke, kwa sababu ndio anaouita utamu. Shemasi hataki. Hakuna kati yao aliyejiuliza kama uliingia.

Basi tuanze na mbao yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Mbao ya gitaa hubadilika kweli kadiri inavyozeeka. Kifua cha gitaa zuri huchongwa kwa mti wa sprusi, ubao mwembamba usio na matabaka, wa milimita zisizofika nne, na katika miongo ya kukaa, sehemu fulani za ubao huo huvunjika zenyewe, utomvu hukauka, na mbao hunywa unyevu kidogo kuliko zamani. Inakuwa nyepesi, inatikisika upesi. Viwanda vinalijua hili vizuri, ndiyo maana siku hizi vipo vinavyooka mbao mpya kwenye tanuri lisilo na hewa ya oksijeni ili ifikie hali ya uzee kabla haijaundwa gitaa. F310 la kanisa halina bahati hiyo. Kifua chake ni plaiwudi, matabaka yaliyogundishwa, na plaiwudi haizeeki kwa utamu, inazeeka tu.

Lakini uzee huo huo unakuja na bili. Nyuzi sita za chuma hulivuta gitaa kwa nguvu inayokaribia kilo 70, usiku na mchana, liwe linapigwa au limetundikwa ukutani. Baada ya miaka mingi shingo hukubali kuvutwa. Gitaa la guka limefika hapo. Kwenye freti ya 12 nyuzi zimeinuka kiasi kwamba kidole kidogo cha mwanakwaya kingepita chini yake, na ukizibonyeza kuanzia freti ya saba kuelekea tundu, sauti inapanda kuliko inavyotakiwa, hivyo gitaa linalolingana na kinanda mwanzoni mwa shingo halilingani nacho katikati. Hapo ongeza hewa yetu. Kangari ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa umeteremka kutoka Nyandarua na kukaa juu ya majani ya chai mpaka saa sita, inaweza kuharibu tuni ya gitaa kabla hujamaliza kuweka maikrofoni. F310 halinung'uniki. Ulivyoliacha ndivyo unavyolikuta asubuhi.

Nikaweka maikrofoni moja kwa kila gitaa, mahali pale pale, kama sentimita 30 kutoka pale shingo inapokutana na mwili (usiielekeze kwenye tundu, utarekodi ngurumo), nikasikiliza kwa vipokea sauti. La guka lina besi inayofunguka taratibu na kukaa. La kanisa linasema neno lake na kufunga mdomo. Chini ya sauti arobaini za kwaya, na kinanda, na ngoma, tofauti hiyo inazama. Katika utangulizi wa gitaa peke yake haizami. Hayo ndiyo yote ninayoweza kuwaambia kama fundi, na wote wawili waliyapokea kwa heshima wakaendelea kugombana, kwa sababu hawakuwa wakigombania sauti.

Wengine wameshajaribu kuitenga sauti na imani. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwafunga macho wapiga fidla 21 na kuwapa fidla sita, tatu mpya na tatu za kale za Italia, mbili kati ya hizo za Stradivari. Wengi walipenda mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa Stradivari mojawapo. Upande wa magitaa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster nchini Uingereza walichapisha kazi yao mwaka 2018. Walimwomba fundi Roger Bucknall aunde magitaa sita yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na mbavu, kuanzia mkangazi wa kawaida hadi mbao ya Brazili ya jamii ya mpingo, ambayo biashara yake kimataifa imezuiwa tangu 1992. Wapiga gitaa 52 waliyapiga kwenye giza, wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea. Alama walizoyapa zilikaribiana mno. Mbao ambayo watu huuza mashamba ili waipate haikuweza kujitambulisha.

Nilimweleza kijana haya. Aliniambia Wazungu wale hawakuwa na gitaa la guka.

Jibu hilo ni la dini, na silisemi kwa dharau. Mwaka 1999, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London, gitaa moja liliuzwa kwa pauni zaidi ya 150,000. Lilikuwa Gallotone Champion, gitaa rahisi lililoundwa Afrika Kusini, lenye kibandiko ndani kinachoahidi kwamba mbao yake haitapasuka. Aliyekuwa mwenyewe ni John Lennon. Ndilo alilokuwa nalo tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Aliyelinunua hakununua sauti. Kwa pesa hizo sauti ungeipata ya kujaza Murang'a nzima. Alinunua kile ambacho majirani zetu Wakatoliki wana jina lake na utaratibu wake tangu zamani: masalia. Sista Irene Stefani, yule waliyemwita Nyaatha, alifariki Gikondi mwaka 1930, akatangazwa mwenyeheri hapo Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na watu huenda yalipo masalia yake kusali. Wao angalau wanasema wazi wanachoamini: kwamba mwili uliotumika vizuri unastahili heshima, na kwamba anayejibu maombi ni Mungu, mfupa haujibu. Mpenzi wa magitaa ya kale anaamini zaidi ya hapo na anakiri kidogo kuliko hapo.

Lakini kijana si tatizo. Kijana ni mwanamuziki, na mwanamuziki anayeamini chombo chake hupiga vizuri zaidi, hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na maikrofoni hurekodi mkono, hairekodi sababu za mkono. Aliyenisumbua ni shemasi.

Kumcheka shemasi ni rahisi kwa mtu asiyejua alikotoka. Wazazi wake walikuwa ahonoki, watu wa ule Uamsho ulioingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kushika moto hapa Murang'a, ilipokuwa bado ikiitwa Fort Hall. Watu hawa waliacha pombe, waliacha ngoma, waliungama hadharani madeni na wizi wa kuku. Vita vya Mau Mau vilipokuja walikataa kula kiapo, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi. Wako waliouawa kwa hilo. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo hawezi kuambiwa kwamba kitu ni kitu tu. Anajua watu waliokufa kwa sababu ya kilichokuwa ndani ya kibuyu.

Na Biblia anaijua kuliko mimi. Nilipomwambia Mungu hajali upya wala ukuukuu wa vyombo, alinihesabia kwa vidole: mwanapunda ambaye hakuna aliyewahi kumpanda, kaburi ambalo hakuna aliyewahi kulazwa ndani yake, ng'ombe mwekundu ambaye hajafungwa nira, gari jipya la sanduku la agano. Hapo kwenye gari nilimkamata. Daudi naye aliliweka sanduku kwenye gari jipya, nikamkumbusha, na Uza akafia njiani. Upya wa gari haukumsaidia. Shemasi alicheka, nadhani alikuwa akingoja nione hilo.

"Haya, mzee," nikamwambia, "na Kamaru je?"

Kila mtu hapa anamjua Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema mwaka 1939, sauti iliyowachezesha baba zetu na kuwaudhi wakubwa. Mwaka 1993 alitangaza ameokoka, akaiacha bendi, akaanza kuimba injili. Makanisa yalimpokea. Hakuna aliyemwambia abadilishe koo. Koo lile lile lililoimba mapenzi na siasa miaka 25 na zaidi lilisimama madhabahuni likaimba sifa, na mashemasi wakasema amina. Kwa nini koo la mtu lipokewe na gitaa la mtu likataliwe, ilhali vyote viwili ni vyombo vilivyopitiwa na hewa ile ile ya baa?

Shemasi hakuchelewa. "Koo lina mwenyewe. Mwenyewe akitubu, koo limetubu. Gitaa halitubu."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko mahubiri mengi niliyorekodi. Nilimrudishia kwamba kisichoweza kutubu hakikuweza kutenda dhambi. Akanipeleka kwa Akani, ambaye ng'ombe wake na punda wake na hema yake viliangamizwa pamoja naye, na hema haikuiba kitu. Nikampeleka kwa Kora. Wale watu 250 walioasi jangwani waliteketea wakiwa na vyetezo vya shaba mikononi, na ungetarajia vyetezo vya waasi vizikwe mbali. Agizo likawa kinyume: viokotwe majivuni, vifuliwe viwe mabamba, vifunike madhabahu, kwa sababu vilikuwa vimekwisha kuletwa mbele za Bwana. Shaba haikulaumiwa kwa mikono iliyoishika. Kuhusu Kora shemasi aliniambia atasoma tena. Bado anasoma.

Ninachodhani, ingawa sijamwambia hivi usoni, ni kwamba nusu ya hofu yake haikutoka kwa Musa. Wagikuyu wa kale walikuwa na thahu, uchafu uliompata mtu kwa kugusa maiti au kwa mkasa ambao wala hakuutaka. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu yake mwaka 1910 akajaza kurasa. Thahu haikuwa dhambi. Haikuuliza ulikusudia nini. Ilikushika kama masizi yanavyoshika nguo. Lakini walioiamini walikuwa na dawa yake: aliitwa mundu mugo, yaani mganga, akachinjwa mnyama, mtu akatapishwa ule uchafu, akarudi nyumbani safi, mambo yakaisha. Shemasi ameurithi uchafu akauacha utakaso. Kwake gitaa likishanajisika limenajisika milele, na hakuna kondoo wala maji yatakayolifikia. Hiyo ni imani kali kuliko ya mababu na kali kuliko ya Walawi, na sidhani anajua kwamba anayo.

Nikapendekeza pazia. Nitapiga magitaa yote mawili nyuma ya blanketi, yeye akae upande wa pili, aniambie lipi lina najisi. Alikataa, na alinishinda kabisa. Alisema kutojua hakumtakasi mtu. Mtu aliyelala na mke wa ndugu yake gizani hakuwa msafi kwa sababu ya giza. Kama gitaa ni chafu basi ni chafu hata yeye akilipenda, na kama ni safi basi ni safi hata akilichukia, kwa hiyo masikio yake hayana la kuthibitisha. Mahali ambapo watafiti wa Indianapolis na Lancaster wangepumzika, shemasi ndipo anapoanza. Majaribio yale yanaonyesha kwamba zamani za chombo hazisikiki. Hayaonyeshi kwamba hazina uzito.

Na uzito upo, nilikuja kuuona, ila hauko kwenye mbao.

Katika sauti ya pili kuna mama mmoja ambaye hasemi sana. Siku ya mazoezi kijana alianza kulipiga lile kuukuu, ule mdundo wa nyuzi za chini wa mtindo wa zamani, kidole gumba kikitembea peke yake, naye akatoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi ameshika kitabu cha nyimbo. Nilidhani anaumwa.

"Siumwi, fundi. Hilo gitaa sijawahi kuliona kabla ya leo, lakini nalijua. Nilikuwa nalisikia nikiwa nje ya mlango, mtoto mgongoni, nangoja baba yake atoke na kilichobaki cha bonasi."

Hakusema gitaa lina pepo. Hakusema lisipigwe. Alikuwa akiniambia tu alipolisikia mara ya mwisho.

Paulo alikutana na kesi hii Korintho, ila ya kwake ilikuwa nyama. Nyama iliyouzwa sokoni huenda ilitokea kwenye madhabahu ya sanamu, na ndugu walikuwa wakigombana kama inalika. Hukumu yake ina sehemu mbili ambazo watu hupenda kuzitenganisha. Ya kwanza inampendeza kijana: sanamu si kitu, nunua, kula, usiulize maswali. Ya pili inampendeza shemasi: mtu akikwambia nyama hii ilitolewa kwa sanamu, usile. Ila sababu ya kutokula si nyama, na hapo ndipo shemasi anapopitiliza. Ni kwa ajili ya yule aliyekwambia. Nyama haikubadilika kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu mezani.

Kwa hiyo anayeniuliza tena nichague gitaa la kale au jipya kwa kurekodi, namuuliza kwanza nani atakuwa ameketi chumbani. Kama ni kijana peke yake, mpe lile linalomfanya apige vizuri, hata kama sababu yake ni ushirikina wa dukani. Kama ni kwaya, mambo yamebadilika, na milimita za sprusi haziwezi kuyaamua.

Nilirudi ngazini siku nyingine nikamuuliza yule mama mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria katika ubishi wote ule wa wanaume. Nilimwambia naweza kurekodi nyimbo zote nane kwa gitaa la kanisa na hakuna atakayepungukiwa. Alifikiri, akauliza ule wimbo wa tano unaoanza na gitaa peke yake utasikikaje. Nikamwambia ukweli, kwamba lile kuukuu linaufaa zaidi.

"Basi tumia. Ila kwenye masikio yangu usiliweke."

Hilo linawezekana. Kila mwimbaji ana vipokea sauti vyake, na ni mimi ninayechagua nani asikie nini. Katika wimbo wa tano aliimba akifuata kinanda na mapigo ya saa, huku wenzake wakisikia kila kitu. Gitaa lilirekodiwa nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo ili shingo itulie, na kijana akikwepa zile freti za kuelekea tundu. Nyimbo saba nyingine zilipigwa kwa F310, ambalo halikuharibu tuni hata mara moja, ingawa mvua ilitusimamisha kila jioni kwa kelele za mabati.

Shemasi alipopata habari alikuja na pingamizi moja zuri, kama kawaida yake. Alisema tumejidanganya, kwa maana wimbo ukishatoka utapigwa redioni, na mama atalisikia gitaa lile jikoni kwake bila kuombwa ruhusa. Mama mwenyewe alikuwa hapo hapo, akisubiri matatu ya kwenda Gacharage.

"Redio yangu ina kifungo, shemasi," akamjibu, "na wimbo wa tano naujua ukianza."

Kilichobaki ni shingo. Fundi wa Thika anasema anaweza kuing'oa na kuirudisha kwenye pembe yake, na bei yake inakaribia bei ya F310 jingine jipya. Familia ya guka imetoa nusu. Nusu ya pili kijana anataka itoke kwenye mfuko wa kwaya, na mkutano wa kuamua hilo utaongozwa na shemasi.